Waifai ya Nyumbani Isijulikane na Mtu Mmoja

Katika nyumba zetu nyingi za mwambao, mambo ya mtandao huachiwa mtu mmoja: baba, kaka mkubwa, au kijana aliyesoma. Yeye ndiye aliyemwita fundi, ndiye anayelipa, na ndiye aijuaye nywila. Waifai ikikatika, waliosalia humsubiri arudi. Utaratibu huu hautusumbui hadi siku ambapo harudi tena.

Dada yangu alifiwa na mumewe mwaka uliopita. Alikuwa akiwasomesha Kiswahili wanafunzi walioko Uingereza kwa kipakatalishi chake, na baada ya msiba kazi hiyo ndiyo iliyobaki kuwa riziki yake na ya wanawe. Akiwa katika eda, hakuweza kukibeba kipakatalishi akaenda kutafuta mtandao kwa watu, wala hakupenda fundi mgeni apande hadi chumbani. Sebule ya chini, mlimo na ruta, haikuisha waliokuja kumpa pole. Hivyo alihamia chumba cha juu. Huko ndiko masomo yalikoanza kukatika. Sauti ilipotea, picha ikaganda, na mwanafunzi mmoja akaomba arudishiwe ada. Kampuni inayomuuzia mtandao ilisema kwamba upande wake hauna kasoro.

Siku zile nilikuwa nikilala kwake, tukaamua kulitafuta tatizo wenyewe, hatua kwa hatua. Swali la kwanza lilikuwa: tatizo ni la kampuni, la ruta, au la kipakatalishi? Tulichukua simu ya mwanawe na kuzima data yake, kwani simu isiyozimwa data hudanganya: hufungua kurasa kwa data yake nawe ukadhani ni waifai. Sebuleni simu ilifungua kila kitu. Basi kampuni na ruta zilikuwa salama. Usiku, wageni walipoondoka, tukakishusha kipakatalishi karibu na ruta, nacho kikafanya kazi vyema. Lililobaki kutazamwa ni njia iliyo baina ya sebule na chumba cha juu.

Nyumba ile iko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta, na ya gigahezi 2.4, ambayo kasi yake ni ndogo lakini hupenya zaidi. Kipakatalishi kilikuwa kimeyashikilia yale ya 5. Ruta nayo ilifichwa kabatini, nyuma ya televisheni, karibu na sakafu.

Tulipotaka kujiunga na mtandao wa 2.4, kipakatalishi kilidai nywila. Aliyeijua alikuwa marehemu. Dada alinyamaza, nami sikuwa na la kusema. Kibandiko kilicho chini ya ruta kilikuwa na nywila ya kiwandani, ila shemeji alikuwa ameshaibadilisha. Tukakumbuka kwamba simu ya kijana ilikuwa imejiunga tayari. Katika simu nyingi za Android, ukiingia kwenye mipangilio ya waifai, ukagusa jina la mtandao kisha kitufe cha kushiriki, huonekana mchoro wa QR, na aghalabu nywila yenyewe huandikwa chini yake. Ilikuwa jina la kitinda mimba wao na mwaka aliozaliwa.

Tuliitoa ruta kabatini, tukaiweka juu ya rafu penye ngazi. Jioni iliyofuata dada alisomesha saa nzima bila kukatika.

Kwako huenda sababu ikawa nyingine. Ikiwa simu zinapata waifai lakini kipakatalishi hakipati, tazama kama hali ya ndege imewashwa. Mara nyingi ni kitufe kilichoguswa na mtoto. Kisha kiamrishe kiusahau mtandao huo, ujiunge upya. Tazama pia tarehe na saa, kwani zikikosewa kurasa nyingi hukataa kufunguka. Ukiona anwani yake inaanza na 169.254, fahamu kwamba ruta haikukipa anwani: zima ruta kwa nusu dakika, iwashe, subiri dakika chache, kisha nacho kizime na ukiwashe. Ikiwa hakuna kifaa hata kimoja kinachopata mtandao, japo kimewekwa kando ya ruta, hapo ndipo pa kuipigia kampuni.

Juu ya yote, andikeni katika daftari jina la mtandao, nywila, nambari ya akaunti, jina iliyosajiliwa kwalo na tarehe ya kulipa. Liwekeni panapowekwa vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba, na wajue mahali pake watu wasiopungua wawili. Ni kazi ya jioni moja, na yafaa mwenye kuyajua mambo hayo aketi na wenzake awaeleze yeye mwenyewe, angali nao.