Fumbo la Asubuhi

Msomaji mpenzi, huenda ukacheka ukisikia kwamba mwalimu wangu wa subira alikuwa kipande cha gazeti kisichozidi kiganja cha mkono.

Nilipokuwa masomoni Chicago, Marekani, nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja aliyezoea kufumbua kila asubuhi fumbo liitwalo Jumble. Fumbo hilo lilibuniwa na Martin Naydel mwaka 1954, na hata leo magazeti mengi ya huko hulichapa kila siku. Hutolewa maneno manne, mawili ya herufi tano na mawili ya herufi sita, herufi zake zikiwa zimevurugwa. Ukisha kuyapanga, herufi zilizoangukia ndani ya viduara hukusanywa ziunde jibu la mwisho. Jibu hilo aghalabu huwa na maana mbili, na picha ya kuchekesha hulidokeza.

Kwa mfano wa Kiswahili, tuseme umepewa MULAKA. Herufi hizo zaweza kupangwa kwa njia 360. Lakini kwa kuwa maneno yetu aghalabu huishia na irabu, utajua kwamba ya mwisho ni A au U, na punde utapata kalamu. Kisha tuseme picha yaonyesha mnyama wa porini juu ya nyumba, na fundi amepigwa na butwaa. Fundi ameona nini? Ameona paa juu ya paa!

Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyefaulu mitihani. Niliyapanga maneno manne upesi, nikakwama kwenye jibu la mwisho, kwa maana Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni. Mzee alicheka, akanifafanulia. Tukawa washirika: mimi wa herufi, yeye wa mzaha.

Baadaye alipatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akili yake timamu, ila maneno yamemvurugikia kama yale ya gazetini: alitaka kikombe, akataja kiti. Nilidhani namsaidia nilipodakia na kummalizia kila sentensi. Asubuhi moja nililitaja jibu la fumbo kabla hajaweka kalamu karatasini. Alilisukuma gazeti kwangu, akageuza uso dirishani. Sijapata kuona haya kama siku ile, kwani nilikuwa nimemnyang'anya mtu kilicho chake.

Kesho yake nilinyamaza. Dakika ishirini zilipita. Mkono wake ulitetemeka. Herufi zilikwenda kombo, zikafutwa, zikaandikwa tena. Mwishowe alilisoma jibu lote kwa sauti, tukacheka hata chai ikapoa.

Msomaji, utakutana na mtoto mwenye kigugumizi, na mgeni ajifunzaye lugha yako, na mzee atafutaye jina lako. Neno wanalolitafuta huenda unalo tayari mdomoni. Lizuie kidogo, umwache mwenyewe alipate. Hiyo ni heshima ipitayo msaada.