Karatasi ya Matokeo

Katika kila chama cha wakimbiaji yuko mtu mmoja asiyekimbia siku ya mashindano. Huyu ni karani wa matokeo. Wenzake wanapojipanga nyuma ya mstari, wakirukaruka papo hapo ili kuondoa baridi ya alfajiri miguuni, yeye yuko upande wa pili wa safari, ameketi penye meza ya mbao, ana saa, karatasi na kalamu mbili. Kalamu ya pili ni ya lazima, kwa kuwa ya kwanza haikosi kukauka wino wakati ule ule wakimbiaji wanapowasili kwa kundi. Hapigiwi makofi na mtu yeyote. Walakini kila avukaye mstari asubuhi ile huacha jasho lake mikononi mwa karani huyo, na jioni, au siku ya pili yake, huja akasimama mbele ya ubao wa matangazo kutazama jasho lile limetunzwaje.

Kazi hii huonekana nyepesi kwa asiyeijua. Katika vyama vidogo, visivyo na fedha ya kukodi mitambo, watu watatu husimama mwisho wa njia. Mmoja hutazama saa na kutaja wakati kwa sauti kila mtu avukapo mstari. Wa pili huandika wakati huo. Wa tatu husimama mbele kidogo, mahali ambapo wakimbiaji wamekwisha kupita mstari wakaingizwa katika ujia mwembamba wa kamba, wasiweze kupitana tena, naye huandika nambari za vifuani mwao, mmoja baada ya mwingine. Hivyo hupatikana karatasi mbili: moja ya nyakati zisizo na wenyewe, na moja ya watu wasio na nyakati. Baadaye karatasi hizo hufungishwa ndoa mezani, na kama ndoa nyingine huweza kuharibiwa na jambo dogo.

Jambo lenyewe ni hili. Mkimbiaji mmoja, kwa uchovu au kwa haraka ya kutafuta maji, huinama akapita chini ya kamba kabla nambari yake haijaandikwa. Wakati wake umeandikwa, yeye hakuandikwa. Basi aliyemfuata hupewa wakati wa aliyetoroka, na anayefuata baada yake hupewa wakati wa aliyemtangulia, na hivyo hivyo mpaka chini ya karatasi. Kosa la mtu mmoja limewagusa mia mbili. Tena ajabu ya kosa hili ni kuwa hakuna anayelilalamikia, maana kila mmoja ameongezewa mwendo asiokuwa nao. Mwisho hubaki wakati mmoja pweke, hauna mtu, na hapo ndipo karani atambuapo kwamba amewadhulumu watu kwa kuwatendea wema. Kosa likitokea upande wa pili, mtaja saa akaruka mtu mmoja, kila aliye chini huandikiwa wakati mrefu kuliko aliokimbia, na malalamiko hufika kabla ya chai.

Mashindano makubwa, kama yale ya Kilimanjaro yafanyikayo Moshi kila mwaka tangu 2003, hayategemei tena kamba na sauti. Mkimbiaji hubeba kifaa kidogo chepesi, na mtambo uliotandazwa njiani humtambua apitapo. Mitambo imepunguza makosa, haikuondoa hukumu. Aliyeanza nyuma ya watu maelfu huufikia mstari wa mwanzo dakika kadha baada ya ishara kutolewa. Je, apimwe tangu ishara ile au tangu hatua yake ya kwanza ya kuuvuka mstari? Waandishi wengi wa matokeo huandika nyakati zote mbili bega kwa bega. Wanaoshindania zawadi huhukumiwa kwa wa kwanza. Waliosalia hujihukumu wenyewe kwa wa pili.

Gazeti hutaja majina matatu, na pengine picha ya mmoja. Hapana wa kulilaumu sana, kwani nafasi ya gazeti ni ndogo, ingawa siku nyingine nafasi hiyo hiyo hupewa maneno marefu ya mgeni rasmi ambaye hakukimbia hata hatua moja. Aliyefika wa 4, au wa 90, au wa 611, hana mahali pengine pa kuwa duniani kwa habari ya asubuhi ile isipokuwa katika karatasi ya chama. Kwa sababu hiyo karatasi ile hudaiwa mambo mawili ambayo gazeti halidaiwi: itimie, na iwe kweli.

Kisa cha chama kimoja cha Marekani chaonyesha jinsi madai hayo yawezavyo kupotoka. Boston Athletic Association ni chama cha riadha cha mji mmoja, kilichoanzishwa 1887. Miaka kumi baadaye, Aprili 1897, kilitengeneza mbio za barabarani za kilomita 39 na ushei, na John J. McDermott wa New York akazishinda kwa saa 2 dakika 55 na sekunde 10. Mbio hizo baadaye zikarefushwa kufikia kilomita 42 na mita 195 zijulikanazo leo. Matokeo yake yamekuwa yakihifadhiwa tangu mwaka ule wa kwanza, na msomaji ayapitiaye hudhani anaona wote waliokimbia. Sivyo.

Mwaka 1966 mwanamke mmoja, Bobbi Gibb, aliomba kuandikishwa. Akajibiwa kwa barua kuwa maumbile ya wanawake hayawezi safari ndefu kama ile. Siku ya mashindano alijificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, amevaa shati zito lenye kofia, kisha akaingia katikati ya wanaume. Alimaliza kwa saa 3 dakika 21 na sekunde 40, akiwa amewatangulia kiasi cha theluthi mbili ya wanaume waliokuwa na nambari vifuani. Karatasi ya mwaka ule haikumtaja. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alikimbia na nambari 261, aliyoipata kwa kujiandikisha kwa herufi za kwanza za jina lake, na mmoja wa wasimamizi akamrukia njiani ili amnyang'anye. Wanawake hawakuruhusiwa rasmi mpaka 1972, Nina Kuscsik aliposhinda kwa saa 3 dakika 10 na sekunde 26. Chama kilirudi nyuma 1996 kikawatambua washindi wa miaka ile iliyorukwa, naye Gibb akaandikiwa ushindi wa 1966, 1967 na 1968. Deni lilikuwa limekaa miaka thelathini, na mwenye kudai alikuwa bado hai. Si kila mdai hujaliwa hivyo.

Hapo karatasi ilikosa kwa kunyamaza. Mwaka 1980 ilikosa kwa kusema. Rosie Ruiz alivuka mstari wa kwanza miongoni mwa wanawake kwa saa 2 dakika 31 na sekunde 56, akavikwa taji la majani. Lakini hakuwa na jasho la mtu aliyetoka mbali. Wakimbiaji wenzake hawakumbuki kumwona, na wanafunzi wawili walisema walimwona akitoka katika kundi la watazamaji na kuingia njiani, mwisho wa safari ukiwa karibu. Baada ya siku nane jina lake lilifutwa, na mahali pake akaandikwa Jacqueline Gareau wa Kanada, saa 2 dakika 34 na sekunde 28. Gareau alirudishiwa nafasi yake. Kelele za watu alipokuwa akiingia mtaa wa mwisho, ambazo zilikuwa zake, hakuna karani aliyeweza kumrudishia.

Kitabu hicho hicho cha Boston kina kurasa zinazohusu Afrika ya Mashariki, na hizo husomwa kwa moyo mwingine. Tarehe 18 Aprili 1988 watu wawili waliingia mtaa wa mwisho, uitwao Boylston, wakiwa hawajaachana: Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania. Walikuwa wametembea pamoja zaidi ya kilomita arobaini, kama kutembea ni neno la kufaa kwa mwendo ambao mtu wa kawaida hauwezi hata mpaka kona ya jirani. Hussein akachomoka. Karatasi ilisema: Hussein, 2:08:43; Ikangaa, 2:08:44. Kwa mwendo wao sekunde moja ni mita tano na nusu hivi, urefu wa chumba. Hussein akawa mwanamume wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za Boston, na sifa hiyo ni haki yake yote.

Ikangaa aliizoea nafasi ile. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane, 1982, alikuwa wa pili kwa Robert de Castella wa Australia, kwa sekunde 12. Fukuoka, Japani, 1983, alikuwa wa pili kwa Toshihiko Seko, kwa sekunde 3. Akarudi Boston 1989, akawa wa pili kwa Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Akarudi tena 1990, akawa wa pili kwa Gelindo Bordin wa Italia. Mara tatu mfululizo katika barabara ile ile. Katikati ya hizo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01, na mbio hizo hazikuwa zimewahi kukimbiwa kwa upesi zaidi.

Wako wasemao kwamba wa pili ni wa kwanza wa walioshindwa. Msemo huo ni wa watu wasiosoma karatasi mpaka chini. Mtindo wa Ikangaa ulikuwa kushika mbele na kuvuta mwendo, na mwenye kuvuta mwendo huwafanyia kazi walio nyuma yake: hukata upepo, huchagua kasi, huondoa shaka. Wakati wa mshindi, kwa hiyo, una sehemu ya nguvu ya wa pili ndani yake, nayo haikuandikwa kwa kuwa karatasi haina safu ya kuiandikia. Msomaji mwenye jicho huiona pengoni, katika ile sekunde moja. Bila ya mtu wa 2:08:44 ni vigumu kumpata mtu wa 2:08:43.

Miaka 37 baada ya siku ile, Aprili 2025, karatasi ya Boston iliandika tena Mtanzania katika mstari wa pili: Alphonce Simbu, 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya. Aliyekuwa wa tatu, Cybrian Kotut, naye wa Kenya, aliandikiwa 2:05:04 vile vile. Waliokumbuka habari za Ikangaa walitikisa vichwa. Miezi mitano baadaye, katika mashindano ya dunia huko Tokyo, Simbu aliingia uwanjani akifukuzana na Amanal Petros wa Ujerumani, na wote wawili wakaufikia mstari karibu pamoja. Petros, 2:09:48. Simbu, 2:09:48. Ilibidi picha iulizwe, nayo ikajibu kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, yapata shubiri moja baada ya kilomita 42. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Asomaye nyakati tu hataona tofauti yoyote kati ya watu wale wawili. Ataiona katika mpango wa majina, nani yuko juu na nani yuko chini yake.

Upande wa chini kabisa kuna mistari ambayo hata picha haiulizwi. Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, karatasi ya marathoni ilimweka juu Mamo Wolde wa Ethiopia, 2:20:26. Chini kabisa, wa 57, ilimweka John Stephen Akhwari wa Tanganyika ya zamani, Tanzania ya wakati huo, 3:25:27. Habari yake imesimuliwa sana: aliumia goti alipoanguka, akafika uwanjani jioni, watu wengi wamekwisha kuondoka. Jambo lisilosimuliwa sana ni kuwa hakuishia hapo. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5. Aliyemjua kwa Mexico peke yake amesoma ukurasa mmoja wa mtu mwenye kurasa nyingi. Hata hivyo Mexico isingekuwa na habari ya kusimulia kama watu wa saa nao wangalikwenda zao saa moja kabla. Walikuwapo. Waliandika 3:25:27, hawakuandika "baada ya watu kuondoka".

Katika mashindano madogo ya chama jambo hilo hutokea kila mara, bila ya wapiga picha. Jua limepanda, mgeni rasmi amekwisha kutoa hotuba na vikombe, vijana wanakunja kamba, na mwenye meza anataka meza yake. Karani huwaomba waiache kidogo. Katika orodha yake ya walioanza iko nambari moja ambayo haijapigwa alama, na mlinzi wa njia amesema kwamba mwenyewe bado yuko barabarani, anatembea, amekataa kupanda gari. Karani hutazama saa, hujaribu kalamu ya pili pembeni mwa karatasi ili aone kama inaandika, kisha huelekeza macho kwenye kona ya barabara.