Niliyoyafuta kwenye Ramani

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili pale Magomeni, na nyumba ile ilinifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote. Ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani, kamba za nguo juu yake, na mbele baraza la saruji walilolikalia wapangaji toka alasiri hadi usiku. Hapakuwa na futi moja iliyokaa bure. Ukumbi ulivuta upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani, na baraza lilikuwa sebule ya kaya zote. Nami nilikuwa kijana niliyetoka Chuo cha Ardhi, miaka mingi kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2007, mwenye meza ya kuchorea, kalamu za wino na kiwembe. Zama zile ukitaka kufuta mstari kwenye karatasi ya kuchorea, uliukwangua kwa kiwembe, taratibu, usije ukatoboa. Nimekwangua mengi. Nikitazama nyuma, nadhani nimelipwa zaidi kwa niliyoyafuta kuliko niliyoyachora, ijapokuwa hakuna mteja aliyewahi kuliona hilo kwenye risiti.

Nilipoanza, anasa haikuwa tatizo kwa sababu haikuwepo. Saruji ya Wazo ilitafutwa kwa kujuana, nondo vilevile, na mteja aliomba vyumba viwili na sebule akashukuru. Kisha ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi. Maduka yakajaa vigae, masinki ya rangi na vioo vya giza, na watu wakaanza kuingia ofisini na picha walizozikata kwenye magazeti ya nje. Baadaye picha zikahamia kwenye simu. Bwana mmoja aliyekuwa akijenga Mbezi, umbali wa kusikia mawimbi, alitaka nimwekee sebuleni mahali pa kuotea moto, na dohani lake juu ya paa. Lushoto ningemwelewa.

Jambo ambalo picha haisemi ni namna sisi tunavyojenga. Benki ya Nyumba ilikufa mwaka 1995, na hata ilipokuwa hai wengi hawakuifikia. Mtu hujenga kwa mfuko wake: mwaka huu msingi, mwakani tofali hadi lenta, akibahatika anapaua, halafu boma linakaa. Nendeni Bunju, nendeni Chanika, mtayaona: madirisha yamezibwa kwa tofali, mpapai umeota kwenye chumba cha baba na unachungulia juu ya ukuta. Mwenyewe yuko Tabata anapanga, anadaiwa kodi ya miezi 6 mbele. Kwa mtu huyo pambo halilipwi kwa shilingi tu. Linalipwa kwa muda wa kuishi nyumba ya watu, na muda huo watoto hawausubiri. Nimewaona waliokuwa chekechea wakati wa msingi wakaja kuhamia wakiwa na ndevu.

Kwa hiyo nilijizoesha jambo moja. Pembeni ya kila kipengele cha ramani niliandika kwa penseli, badala ya bei, miezi ya kodi. Balkoni ya chumba cha wageni: miezi kadhaa. Nguzo nne nene zisizobeba kitu: miezi kadhaa. Kona za kuta nazo zina bei. Nyumba ya mstatili wa mita 10 kwa 12 ina eneo la mita za mraba 120 na kuta za nje za mita 44. Ivunjevunje iwe na vidomo na viota ili ipendeze, eneo likibaki lilelile, na kila mita moja ya ukuta unayoongeza, kwa kimo cha mita 3, inakula tofali karibu 30, mbali ya msingi chini yake na lenta juu yake. Na paa la juu linafuata kona hizo, kila mkunjo wa bati ukisubiri masika upate pa kuvujia. Mume alikuwa akiikodolea macho ile safu ya penseli kimya, mara nyingi ni mke aliyesema, "Hiki futa."

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni paa la kuficha, lile la nyumba wanazoziita kontempo. Ukuta unapandishwa kuzunguka bati ili bati lisionekane, nyumba ikae kama sanduku. Kwenye nchi kavu sina ugomvi nalo. Hapa pwani, masika yanashuka kuanzia Machi hadi Mei, majani ya mwembe yanaziba mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, maji yakikosa njia yanageukia dari, na dari yenyewe ni jipsamu ya maua na taa za kuzamisha. Msimu mmoja ina mabaka, wa pili inaning'inia. Isitoshe, paa la namna hiyo halina upenu. Mvua ikinyesha unafunga madirisha, ukifunga, joto, ukishikwa na joto unawasha kiyoyozi, na kiyoyozi kinakula Luku usiku kucha. Mnyororo huo mzima umeanzia kwenye kulionea haya bati.

Upenu nimeupigania. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua halikai mbali na utosi. Hata mwezi Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wowote, upenu wa sentimita 90 unatia ukutani kivuli cha mita moja na nusu. Jua baya ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa chini, na hilo upenu hauliwezi. Basi nyumba ilazwe mashariki kwa magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, ambako kaskazi na kusi zitayapata. Upande wa magharibi weka stoo, choo, ngazi. Kazi hii haina gharama yoyote, ni kugeuza karatasi tu juu ya meza, na ndiyo maana haina wa kujivunia.

Nilikuwa na mteja muuza vitenge wa Kariakoo. Tulikaa kwenye benchi la ofisi, akaanza:

"Mwanangu, nataka nyumba ambayo mtu akipita barabarani aulize, hii ya nani."

"Sawa, mama. Na wewe mle ndani utakuwa unafanya nini?"

Akacheka. "Nitakuwa nimelala. Kariakoo inachosha."

"Basi tuanze na pa kulala."

Chumba chake kilikuwa kimepangwa magharibi, kwa sababu barabara ilikuwa huko na yeye alitaka balkoni ya mbele. Tukakihamisha, balkoni ikafa kimyakimya. Hodhi la kuogea alilifuta mwenyewe nilipomwambia linameza lita 150 hivi, na tanki alilokuwa amenunua ni la lita 1,000, nalo linategemea mgao. Sebule aliyotaka ipande hadi juu ya ghorofa ili ining'inizwe taa kubwa, nilimuuliza nani atabadilisha balbu. Alikuwa amewahi kuona mafundi wakifunga mirunda ndani ya nyumba ya jirani, juu ya makochi, kwa ajili ya balbu moja.

Jiko ndilo tulilogombania siku nyingi. Alitaka jiko lililo wazi sebuleni, lenye meza ya mawe katikati. Sasa, nimeingia kwenye majiko hayo mengi. Yanang'aa kwa sababu hayapikiwi. Maharage yanachemka nyuma ya nyumba, kwenye mkaa, chini ya bati mbili zilizoegeshwa ukutani, na aliyeinama pale anapigwa na moshi na mvua katika nyumba iliyogharimu mamilioni. Nilichora jiko dogo la ndani, na fedha ya ile meza ya mawe nikaijengea jiko la nje la haki: paa, bomba, karai la kuoshea vyombo, ukuta wa matofali ya matundu wa kutoa moshi.

Sikuwa adui wa fahari, mnisikie vizuri. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vilivyonakshiwa, na ukiondoa ukuta huo vyumba vyake ni vyembamba na vya kawaida kabisa, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Soko la Kariakoo alilobuni Beda Amuli miaka ya 1970 linajulikana kwa miavuli ile ya zege. Lakini miavuli ndiyo paa lenyewe, inampa muuza nyanya kivuli. Mafundi wa zamani waliiweka fahari mahali pamoja na wakaacha pengine papumue. Nami kila mteja nilimpa nafasi moja: chagua kitu kimoja cha kuringia, tukifanye vizuri. Wapo waliokasirika wakaenda kwa vijana wa kompyuta, wanaotoa picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea kabla hata kiwanja hakijapimwa.

Mama wa vitenge alichagua baraza. Pana, la kukaa watu 10, nguzo mbili, na nyuma yake mlango wa kuchonga kutoka Unguja. Alihamia na vyumba viwili tu vikiwa vimekamilika, kama tulivyopanga, na nondo zimeachwa zikisubiri upande wa uani kwa ajili ya vingine. Wapita njia wanauliza ni ya nani. Alimwambia mjukuu wake anipigie anipe habari hizo.

Juzi amepiga mwenyewe. Biashara imekwenda vizuri, wajukuu wamezidi, anataka zile nondo zizae vyumba viwili na ghorofa juu. Na balkoni.

"Ya upande gani, mama?"

"Wa barabarani, mwanangu. Upande gani mwingine?"

Tumepatana nikafike Jumamosi asubuhi. Nitachukua penseli.