Tairi la Theluji Juu ya Ufipa

Mgeni anayefika Sumbawanga mwezi Julai akitokea Dar es Salaam hujuta kwanza kwa kutokubeba koti. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri zake za kipupwe huwakusanya vijana wa bodaboda kuzunguka moto wa maboksi. Hata hivyo baridi yetu ni kavu. Barabara za vijijini wakati huo hupitika kwa gari lolote, hata Noah, na adha yake kubwa ni vumbi. Majira yanayotupima huanza Novemba na kuisha Aprili, na silaha yake ni tope.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana nililazimika kusoma mambo ambayo sikudhani yangekuja kunihusu: namna ya kuchagua matairi ya theluji. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa mahindi na mpunga, alikuwa ameuza vizuri na kuagiza kutoka Japani Land Cruiser VX iliyotumika, ya toleo la 100, gari ambalo Watanzania tumelipa jina la shangingi. (Neno hilo hilo hutumika pia kumsimanga mwanamke mwenye makeke na mapambo mengi, na siamini kwamba wananchi waliviunganisha viwili hivi kwa bahati tu.) Gari lilikuja na matairi yake ya huko lilikotoka. Mjomba aliniita nimsomee maandishi yaliyo ubavuni, kwa hoja kwamba mtu aliyelipwa na serikali miaka ishirini kwa ajili ya kusoma vitabu hawezi kushindwa kusoma mpira.

Maandishi ya tairi yana mantiki yake, na ni vizuri kila mtumishi anayesaini hati ya manunuzi ayajue. Haya yalisema 275/70R16 114Q. Upana ni milimita 275. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Rimu ni ya inchi 16. Namba 114 ina maana kwamba tairi moja linabeba kilo 1,180, na herufi Q kwamba halikukusudiwa kupita mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Pembeni kabisa kulikuwa na tarakimu nne, 3918: wiki ya 39 ya mwaka 2018. Yaani lilitengenezwa mwishoni mwa Septemba, wakati Wajapani wa kaskazini wanapojiandaa kwa theluji. Kisha kulikuwa na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji.

Mchoro huo ndio uliomfurahisha mjomba. Aliuchukua kama nishani.

Nikamweleza nilichokisoma. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira laini, ili joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa, lenyewe libaki likinyumbulika na kushika barabara. Kashata zake zimechanjwa mikato myembamba mingi, ambayo kazi yake ni kuing'ata theluji na barafu. Ufini ndiko lilikozaliwa: kampuni ya Nokian ilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934 na la magari madogo miaka miwili baadaye. Wajapani nao walitumia kwa miaka mingi matairi yenye vijino vya chuma, hadi vijino hivyo vilipokuwa vikiisaga lami na kuijaza miji ya kaskazini vumbi lililowaumiza watu vifua. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuyadhibiti, na viwanda vikahamia kwenye mpira laini usio na chuma. Matairi ya mjomba ni wajukuu wa sheria ile. Huko Sweden, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na hali ya theluji au barafu ni lazima gari liwe na matairi ya namna hii, na kashata zisipungue milimita 3. Nalikumbuka jambo hilo kila ninapotazama magari yetu, kwa sababu sheria ile haimuulizi mtu cheo chake.

"Sasa hizi herufi M na S?" mjomba akauliza.

Nikamwambia ni kifupi cha matope na theluji.

"Si umesema matope? Basi yanatufaa."

Ilibidi nimweleze kwamba herufi hizo ni tamko la kiwanda chenyewe kuhusu umbo la kashata, wala hazidai mtihani wowote. Mchoro wa mlima ndio unaotolewa baada ya tairi kupimwa juu ya theluji. Na tope letu si theluji. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni huingia katika mikato ile myembamba na kuifunga, na baada ya mizunguko michache tairi linakuwa kipara kilichopakwa siagi. Tairi la tope linataka mianya mipana, ili likizunguka lirushe udongo nje. Kipo pia kipimo cha pili. Ufipa huenda ikawa na ubaridi wa alfajiri, lakini lami ya Laela saa saba mchana haijui habari za Julai. Mpira laini juu ya lami ya moto huisha kama sabuni, na ukikutana na kokoto za kuteremkia bondeni hukatika. Fundi wa matairi wa karibu na stendi, ambaye hakusoma makala yoyote ya Ufini, alibonyeza ukingo wa kashata kwa ukucha, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hiki ni kiatu cha sufi."

Swali la msingi basi likawa hili: mjomba anakwenda wapi? Kabla ya kuchagua tairi mtu hana budi kuijua barabara yake, na barabara zetu zimebadilika sana katika umri wangu. Nilipokuwa mwanafunzi, safari ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita mia mbili na ushee, wakati wa masika haikuwa na saa ya kufika. Malori yalifungwa minyororo kwenye magurudumu, ile ile ambayo Ulaya hufungwa kwa ajili ya theluji, na abiria walijua kwamba nauli haikumwondolea mtu wajibu wa kusukuma. Tarehe 17 Februari 2008 Rais Bush na Rais Kikwete walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia wa dola milioni 698, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawa mojawapo ya zilizojengwa kwa fedha hizo. Nina maoni makali kuhusu nchi kungoja mgeni aje kuitandikia lami, lakini sitamdanganya msomaji: lami ile ilitutoa kisiwani.

Mjomba hakai kwenye lami siku zote, hata hivyo. Mpunga anaununua katika Bonde la Ziwa Rukwa. Anatoka Ntendo, anateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, kisha anashika kusini kuelekea Mtowisa na Ilemba. Tairi la tope tupu lingemfaa kule chini, lakini juu ya lami iliyolowa lingempa kelele, mafuta mengi na breki za mashaka. Tulikubaliana na fundi: tairi la njia zote, lenye kashata pana za wastani na ubavu mgumu. Yale ya theluji yalinunuliwa na mkulima wa Kaengesa kwa ajili ya mkokoteni wa ng'ombe. Naambiwa yanafanya kazi vizuri, maana mwendo wa ng'ombe hauuchomi mpira laini. Yakiisha huko yatakatwa katambuga, na mchoro wa mlima wa theluji utatembea mnadani chini ya nyayo za mtu ambaye hajawahi kuketi ndani ya shangingi.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia watumishi wenzangu, na wanafunzi ambao kesho watakuwa watumishi.

Mjomba alichagua kwa fedha yake, kwa hiyo alilazimika kuuliza anakwenda wapi. Katika ofisi za umma nimeona swali likiwa jingine: nani anapanda? Niliwahi kukaa katika kamati ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyopitia maombi ya vipuri. Gari la mkuu, ambalo kwa mwezi mzima lilikuwa limekwenda mikutanoni na kurudi juu ya lami, liliombewa matairi mapya ya tope, makubwa, yenye kashata za kutisha. Hardtop ya kwenda vijijini, inayobeba wataalamu na chanjo, iliandikwa mwisho wa orodha kwa maneno "endapo fedha itabaki". Fedha haikubaki. Nilipohoji niliambiwa kwa upole kwamba gari la mkuu ni sura ya ofisi.

Mjadala wa mashangingi si mgeni nchini. Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni, eneo lililokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipomegwa mwaka 2012, aliwahi kuikemea anasa ya magari serikalini alipokuwa Waziri Mkuu. Wengi wamesema kabla yake na baada yake. Tatizo la mjadala ule, kwa maoni yangu, ni kwamba tumeubana kwenye bei ya kununulia. Gari hununuliwa mara moja, likapigwa picha na kulaaniwa. Tairi hununuliwa tena na tena kimyakimya, na ndilo linalotuambia ofisi inadhani kazi yake iko wapi. Kiongozi akitembelea matairi yanayoishinda kila barabara, barabara yenyewe inaacha kumhusu. Anafika Mtowisa mwezi Februari, anasalimia, anaondoka, na taarifa yake inasema kwa ukweli kabisa kwamba njia inapitika.

Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu katika mteremko wa kwenda Muze, masika ya miaka michache iliyopita. Gari la wagonjwa lilikuwa limenasa likipandisha, ndani yake mama mwenye uchungu wa uzazi na bibi aliyemshika mkono. Sisi wa basi tuliteremka kusukuma, lakini magurudumu yalizunguka tu pale pale, kwa kuwa matairi mawili ya nyuma hayakuwa na kashata hata za kuhesabu. Baadaye ukapita msafara wa kiongozi mmoja. Shangingi la mbele, matairi yake mapya yaking'aa ndani ya tope, lilifungwa kamba likalivuta gari lile hadi mahali pakavu. Watu walipiga makofi. Mama alifika hospitalini, na nilielezwa kwamba yeye na mtoto walinusurika, jambo ninalomshukuru Mungu kwalo. Lakini makofi yale yamenikaa masikioni. Hakuna aliyeuliza pale kwa nini gari lililobeba mimba lilikuwa na matairi kipara na lililobeba hotuba lilikuwa na mapya. Tulishukuru kwa kuvutwa.

Kuna atakayesema nchi ni maskini, matairi ni ghali na yote yanatoka nje. Ni kweli, na ina historia. Tuliwahi kuwa na kiwanda cha General Tyre pale Arusha, serikali ikiwa na hisa nyingi, kikitengeneza matairi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na mashamba ya mpira ya umma yapo hadi leo Muheza na Kilombero. Kiwanda kilisimama kabla ya mwaka 2010, na ahadi za kukifufua tumezisikia kwa zamu za mawaziri. Wala siwasahau wanaosimamia barabara zenyewe: TARURA ilipoanza kazi mwaka 2017, mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 30 kwa barabara za vijijini na mijini, na 70 kwa zile kuu na za mikoa, ingawa hizo za kwanza ndizo ndefu zaidi na ndizo anazozipita mama mjamzito kabla ya kuifikia lami. Umaskini unaeleza kwa nini matairi ni machache. Hauelezi kwa nini machache hayo yanaanzia kwa mkuu.

Ninachopendekeza hakihitaji mkataba wa dola. Orodha ya matairi ya kila halmashauri ipangwe kabla ya Oktoba kwa kufuata njia ambayo kila gari linapita, gari la wagonjwa likiwa la kwanza, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na kina cha kashata za kila gari. Kina hicho hupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Wanafunzi wangu wawili walijitolea kuanza kupima kwenye kituo kimoja cha afya bondeni, kwa ridhaa ya mganga wake, na nilikwenda nao. Tulipomaliza nilimuuliza dereva wa gari la wagonjwa, angepewa ruhusa ya kuchagua, angechukua tairi la aina gani: la njia zote, au la tope?

"Mwalimu," alijibu, "mimi kwanza naomba spea. Iliyopo ina pancha tangu masika ya mwaka juzi."