Ufa Ndani ya Bawa

Nimeishi Chang'ombe miaka mingi, na riziki yangu naipata kwa kutengeneza makochi. Kukata sponji na kuibandika naweza hata gizani. Kwa hiyo mpwa wangu aliponijia na mapande ya lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni ndani ya boksi, akaniambia, "Shikamoo mjomba, nisaidie kuunda bawa la ndege," nilicheka, nikaona kazi ni ile ile.

Alinieleza kuwa Mmarekani Burt Rutan alirusha ndege ya namna hiyo, VariEze, mwaka 1975, na wengi wakafuata kuziunda majumbani mwao. Povu hutoa umbo. Nguvu imo katika vitambaa vya faiba vinavyogandishwa juu na chini yake.

Tukaanza kukata. Kila ncha ya pande tuliweka kibao chenye umbo la bawa, kisha tukavuta waya uliopashwa moto kwa betri ya gari, yeye huku, mimi kule. Vibao vilikuwa na namba, nasi tukizitaja pamoja, "Tatu... nne...", maana mmoja akitangulia bawa hupinda. Wala waya haulazimishwi: ukiharakisha, katikati yake hubaki nyuma. Akanionya pia nisije nikaujaribu kwenye sponji ya magodoro, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Kwenye kuunga ndiko nilikojidai. Alipokwenda kutafuta epoksi, nilipaka gundi yangu ya makochi, nikabana vipande viwili. Aliporudi tukavibandua: gundi ilikuwa imelila povu, pamebaki shimo la kuingiza ngumi. Nikasema, "Tufunike na faiba. Nani ataona?"

Akanitazama kwa upole. "Mjomba, kochi likibonyea mtu huinuka akahamia kiti kingine. Huko juu atahamia wapi?"

Kisha akanifahamisha kuwa faiba isiyoshikwa na kitu chini yake hujikunja ikielemewa. Ndiyo maana waundaji huligonga bawa kwa sarafu huku wakitega sikio. Penye uwazi hulia kwa sauti nyingine.

Tulilitupa pande lile tukaanza upya. Bawa hilo lilikuwa la kujifunzia tu, halikuruka popote. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Niliyakumbuka makochi niliyoyavalisha kitambaa kizuri juu ya mbao iliyopasuka, na wateja wakanishukuru, wakanilipa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Siku hizi, kabla sijavalisha kochi, humwita mwenyewe aje aone mbao na viungo vyake. Wapo wanaoona ninawapotezea muda, na wapo waliokwenda kwa mafundi wengine. Sikasiriki. Najua kwamba kila kazi ya mkono, siku moja, itagongwa kwa sarafu.