Vishipa vya Usoni na Kikopo Kisicho na Jina

Leza si uganga. Mmarekani Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza mwaka 1960, na mwaka 1983 wataalamu Anderson na Parrish walieleza jinsi mwanga wa rangi maalumu, ukipigwa kwa kitambo kifupi mno, unavyoweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha kilicho jirani. Wekundu wa damu huunyonya mwanga huo; kishipa hupata moto, hujifunga, na mwili hukiondoa taratibu. Wazungu wengi wenye vishipa vyekundu mashavuni wametibiwa hivyo wakaridhika, japo huhitaji kurudia.

Lakini weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga. Mashine isiyofaa, au mkono usiozoea ngozi zetu, huweza kuunguza na kuacha madoa mabaya kuliko hivyo vishipa. Zipo leza zenye mawimbi marefu zaidi, ambazo weusi hauzizuii sana. Mgonjwa ana haki ya kuuliza atapigwa ipi.

Hayo nilimweleza binti wa shangazi yangu, barazani kwao Wesha. Alikuwa amedunduliza fedha za karafuu za misimu miwili, naye akitaka kuvuka kwenda Dar es Salaam kutibiwa uso. "Kaka, wewe mtu wa magazeti," akasema, "vitaondoka vishipa, au zitaondoka fedha zangu tu?"

Nilimwuliza anapaka nini. Alisita, kisha akatoa kikopo kisicho na jina wala maandishi. Mkorogo! Alikuwa akiupaka tangu kabla ya harusi yake. Kilichokuwamo sikuweza kukijua, na muuzaji naye hasemi. Lakini mikorogo mingi huchanganywa dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, ambazo daktari huzitoa kutibu pumu ya ngozi kwa siku chache. Zikipakwa usoni miezi na miaka, ngozi hukonda na vishipa hujitokeza. Ukipigwa leza huku kikopo kingali mezani, vitarudi vingine.

Sikumlaumu. Bibi zetu walijipamba kwa liwa na singo, nao waliitwa warembo. Aliyewaambia binti zao kwamba weupe ndio uzuri ndiye ninayemwonea hasira. Dada alinyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba bintiye wa miaka kumi na sita hukichota kikopo hichohicho.

Binti huyo ndiye wa kuwahiwa kwanza. Ila kikopo kisitupwe kwa pupa: aliyezoea steroidi akiacha ghafla, uso huweza kuwaka na kuvimba, akadhani ameponzwa na kuacha, akakirudia. Kipelekwe pamoja na mwenyewe hospitali ya Chake Chake, daktari akione na kupanga namna ya kupunguza. Ikihitajika bingwa, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi huko KCMC, Moshi, kinachofundisha waganga wa ngozi tangu mwaka 1992. Fedha za karafuu zingoje. Baadhi ya vishipa hufifia vyenyewe dawa ikishaachwa, na vitakavyosalia baada ya miezi ndivyo vya kupelekwa kwenye leza.