Mnara ni wa Nani?

Vituo vingi vya kulea wabunifu wa teknolojia Uganda viko Kampala. Hive Colab, iliyofunguliwa 2010, ipo huko. Outbox ipo huko. Kituo cha serikali kipo Nakawa, ndani ya jiji hilohilo. Kijana wa Karambi, wilayani Kasese, jirani na Bwera kwenye mpaka wa Kongo, husafiri kilomita zipatazo 400 ili ajieleze kwa Kiingereza mbele ya majaji kwa dakika chache. Nauli yake, malazi yake. Akifanikiwa, wateja na wafadhili wake wapya wako Kampala, naye hubaki hukohuko, na Kasese inakuwa imempoteza fundi mwingine.

Huku Ontario, Kanada, ninakoishi, kuna watu waliolikabili jambo hili kwa njia ambayo natamani kila mwenyekiti wa ushirika wa kahawa kwetu Kasese aisikie. Kaskazini ya mji mdogo wa Sioux Lookout kuna vijiji vya wenyeji wa asili, Waoji-Cree na Wacree. Vingi havina barabara; mtu huenda kwa ndege, au majira ya baridi hupita juu ya maziwa yaliyoganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya vijiji hivyo vilikuwa na simu moja tu ya kulipia, ya kijiji kizima. Watoto walilazimika kuhama kwenda kusoma sekondari mbali na wazazi. Mwaka 1994 baraza la machifu liitwalo Keewaytinook Okimakanak lilianzisha K-Net, ubao wa ujumbe wa kompyuta uliopita kwenye nyaya za simu, ili watoto hao waweze kuzungumza na nyumbani.

Kampuni za simu hazikuona faida huko, kwa hiyo baraza likajenga mtandao lenyewe. Mwaka 2000 lilikuwa limekwisha kupata fedha za serikali ya shirikisho kwa mradi huo. Mpango wake ndio unaonivutia kuliko mitambo: K-Net inashughulikia njia kuu ya mawasiliano, na kijiji kinamiliki mtandao wake wa ndani, kinamwajiri kijana wake kuutengeneza, na kinakusanya malipo ya kila mwezi. Fedha hizo zinabaki kijijini. Juu ya njia hiyo vikaja matibabu kwa video, sekondari ya kusomea kwenye intaneti ili mtoto asihame, na MyKnet.org, ambako maelfu ya vijana walijitengenezea kurasa zao. Vijana wengi walianza kuandika msimbo hapo, pasipo kwenda Toronto kumwomba mtu nafasi.

Kuhusu mikopo, hali yao inafanana na yetu kwa namna inayoshangaza. Kifungu cha 89 cha sheria ya Indian Act kinazuia mkopeshaji wa nje kukamata mali ya mwenyeji iliyomo ndani ya ardhi yao iliyotengwa. Lengo lilikuwa kuilinda ardhi, ila benki zikaona hakuna dhamana zikajitenga. Jibu lao lilikuwa kuunda taasisi zao wenyewe za kukopesha. Leo zipo zaidi ya 50 nchini kote, na mkopeshaji humjua mkopaji na ukoo wake.

Nisieleweke kwamba Kanada imewatendea haki watu hawa. Kijiji cha Neskantaga kiliambiwa mwaka 1995 kisinywe maji ya bomba bila kuyachemsha, na miaka 25 baadaye agizo hilo lilikuwa bado linasimama. Nchi tajiri imeshindwa kuwapa maji, nao bado wameweza kumiliki mtandao. Hilo linanipa moyo.

Karambi ina vya kuanzia. Mpondwe, mpakani hapo jirani, imejaa mawakala wa pesa za simu na wabadilishaji wa shilingi, faranga na dola. Mafundi simu wanaofufua vifaa ambavyo Ulaya vingetupwa. Vibanda vya sola vya kuchaji. Na tuna jambo kubwa zaidi. Kyarumba, ndani ya Kasese yetu, wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint walianza kwa kuweka na kukopa wakafika kwenye kuuza kahawa nje ya nchi. Hapo ndipo mbinu ya GALS ilipokua, ambapo mume na mke huchora kwa kalamu nani analima, nani anashika fedha, na ardhi iandikwe jina la nani. Watu walioweza kuzungumza hayo kwa uwazi wataweza kuzungumza bei ya bando.

Kinachowakwamisha kiko juu yao. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa 12%, mbali na VAT. Ardhi ni ya kimila, na benki inataka hati; cheti cha umiliki wa kimila kipo kwenye sheria ya ardhi ya 1998, lakini afisa mikopo hukitazama kwa mashaka. Mpango wa Parokia wa serikali, ulioanza 2022, hutoa shilingi milioni moja kwa kaya, kwa riba ya 6%, ila umelenga kilimo na ufugaji, kwa hiyo fundi simu hana lake.

Gulu wameshaonyesha kwamba mtandao wa jamii unawezekana Uganda: BOSCO, ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki, ilianza 2007 kufikisha intaneti kwa sola kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Ushirika wa kahawa nao unaweza kuendesha mtandao kama jimbo lilivyofanya. Ningependa tume ya mawasiliano iweke leseni ya bei nafuu kwa vyama vya ushirika, na Mpango wa Parokia ukubali fundi na wakala kama unavyokubali kuku na nguruwe. Nasi tulio nje, badala ya kumtumia mpwa mmoja nauli ya Kampala, tununue hisa katika ushirika utakaosimamisha mnara Karambi, hisa zisizotupa kura zaidi ya mkulima anayeishi pale.